Kozi ya jioni mjini Moshi kuhusu chaguzi za North Dakota: tathmini ya mshiriki

Kozi fupi ya jioni kuhusu chaguzi za viongozi wa jimbo la North Dakota nchini Marekani, kuanzia mwaka 1916 hadi 1921, inatolewa katika chumba cha kusomea kilicho hatua chache kutoka stendi kuu ya Moshi, na ni miongoni mwa huduma chache za elimu ya watu wazima mkoani Kilimanjaro ambazo ninaweza kumshauri mtu azilipie bila kusita. Ada ni shilingi 20,000 kwa vipindi vyote, pamoja na kabrasha la Kiswahili. Naandika tathmini hii kwa ajili ya walimu wa uraia, viongozi wa vyama vya msingi vya kahawa, na yeyote anayejiuliza wakulima wa ngano wa mbali kiasi hicho wanawahusu nini watu wa Machame, Kibosho au Rombo.

Uzuri wa kozi hii unaanzia kwenye uteuzi wa mada. Watu wengi hapa kwetu wanaifahamu Marekani kupitia uchaguzi wa rais, ilhali sehemu kubwa ya utawala unaomgusa mwananchi wa kule huamuliwa katika jimbo lake, na katika jimbo la North Dakota si gavana peke yake anayepigiwa kura. Mwanasheria Mkuu, Mweka Hazina, Mkaguzi wa hesabu, Kamishna wa Kilimo (enzi zile Kamishna wa Kilimo na Kazi), hata msimamizi mkuu wa elimu, kila mmoja huomba kura kwa jina lake na huweza kushinda au kushindwa peke yake. Kwa sisi ambao Mkuu wa Mkoa na Mwanasheria Mkuu wanateuliwa na Rais, jambo hilo linahitaji maelezo ya taratibu, na mwalimu wa kozi hii hana haraka nalo. Amechora upya mfano wa karatasi ya kura, akaijaza nafasi za mwaka 1916, kisha akamwachia kila mshiriki aweke alama zake kabla ya kuambiwa nini kilitokea.

Kipindi kilichonikaa zaidi ni kile cha madaraja ya nafaka. Wakulima wa North Dakota walikuwa wakipeleka ngano yao Minneapolis, katika jimbo jirani la Minnesota, ambako ilipimwa na kupangiwa daraja chini ya sheria za Minnesota, si za jimbo lao. Malalamiko yao makubwa yalikuwa kwamba maghala ya huko yalitoa ngano nyingi ya daraja la juu kuliko iliyoingia, maana ngano iliyonunuliwa kwa bei ya chini ilichanganywa na ile nzuri na kuuzwa kwa bei ya juu. Ili kulionyesha hilo, mwalimu alileta trei mbili za kahawa, akamimina konzi kadhaa za daraja B ndani ya daraja A, akazikoroga kwa kiganja na kuuliza ni nani anayeweza kuzitenganisha tena. Mzee mmoja wa Kibosho alimjibu papo hapo, "Mwalimu, hizo chekecheo litazitenganisha sasa hivi, kahawa inapangwa kwa ukubwa wa punje." Mwalimu akasema, "Ni kweli, mzee wangu, nashukuru," akatoa kopo la ngano kutoka West Kilimanjaro, na safari hii darasa zima likainamia trei bila mtu kuwa na jibu. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini watu wale walitaka ghala la nafaka linalomilikiwa na jimbo lao wenyewe.

Mwalimu alitaja kwa kifupi kwamba wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha wapanda kahawa mwaka 1925 na kwamba KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, ilifuata mwaka 1933, kisha akarudi kwenye mada. Nilipenda kiasi hicho. Mji huu una chuo kikuu cha ushirika na mnada wa kahawa, na mshiriki anaweza kuufanya ulinganisho uliobaki mwenyewe akiwa njiani kurudi nyumbani.

Maelezo ya uchaguzi wa 1916 yamepangwa vizuri sana. Wapiga kura wa North Dakota walikuwa wameidhinisha mara mbili, mwaka 1912 na 1914, marekebisho ya katiba ya jimbo yaliyofungua njia ya kujenga ghala la nafaka la jimbo, lakini mwanzoni mwa 1915 bunge la jimbo mjini Bismarck likakataa mpango huo. Mwaka huohuo Arthur C. Townley, mkulima wa kitani aliyefilisika, alianza kuwaandikisha wakulima katika umoja ulioitwa Nonpartisan League, yaani umoja usiofungamana na chama, akitumia waandikishaji waliozunguka mashambani kwa magari ya Ford na kupokea hata hundi zenye tarehe ya mbele, ambazo mkulima angezilipia baada ya mavuno. Umoja huo haukusajili chama kipya cha siasa. Uliteua wagombea wake na kuwaingiza katika kura za maoni za chama cha Republican, chama kilichotawala siasa za jimbo hilo, na kwa kuwa kura hizo zilipigwa na wananchi wenyewe badala ya wajumbe wa mkutano, wakulima wakazitwaa. Novemba 1916 Lynn J. Frazier, mkulima wa eneo la Hoople, alichaguliwa kuwa gavana kwa karibu asilimia 79 ya kura.

Hapa ndipo ule mfano wa karatasi ya kura ulipofanya kazi yake. Wengi wetu tulikuwa tumeweka alama kwa kufuata chama mstari mzima, na mwalimu akatuonyesha kwamba mgombea wa umoja aliyeshindwa mwaka ule alikuwa P. M. Casey, aliyewania nafasi ya Mweka Hazina akiwa Mdemokrati. Wakulima waliokuwa tayari kumpa Frazier kura zao kwa wingi namna ile hawakuvuka wote kwenda safu ya chama kingine kwa ajili ya Casey. Nimesoma maelezo mengi ya jumla kuhusu nguvu ya mazoea ya chama, lakini sijawahi kuielewa kama nilivyoielewa nikiitazama karatasi yangu mwenyewe.

Kipindi cha mwisho kinahusu uchaguzi wa 28 Oktoba 1921, na ndicho kinachoibeba kozi nzima. Mwaka 1919, baada ya kushika mabaraza yote mawili ya bunge, umoja ulianzisha Benki ya North Dakota kwa mtaji wa dola milioni 2, ukaamua kujenga kinu cha kusaga ngano na ghala la jimbo, na kuviweka vyote chini ya Tume ya Viwanda yenye watu watatu waliochaguliwa na wananchi: gavana, Mwanasheria Mkuu, na Kamishna wa Kilimo na Kazi. Kisha bei ya ngano ikaporomoka baada ya vita, hati za dhamana za jimbo zikakosa wanunuzi, na mwaka 1920 wapiga kura wakaziruhusu ofisi za umma za wilaya na miji kuweka fedha zao nje ya benki hiyo, jambo lililoikamua sana. Viongozi waliopanda pamoja walianza kugombana. William Langer, aliyechaguliwa kuwa Mwanasheria Mkuu kwa kuungwa mkono na umoja mwaka 1916, aligeuka na kushindana na Frazier mwaka 1920. Katiba ya jimbo ilikuwa imeongezewa kifungu cha kumwondoa kiongozi kabla ya muda wake kwisha, na wapinzani wakakitumia dhidi ya wajumbe wote watatu wa tume.

Frazier alishindwa na R. A. Nestos, mwanasheria wa Minot, kwa tofauti ya kura 4,000 na kidogo kati ya kura zaidi ya 218,000. William Lemke, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu baada ya Langer, na John Hagan, Kamishna wa Kilimo na Kazi, nao wakaondolewa. Hakuna gavana mwingine wa Marekani aliyeng'olewa kwa njia hiyo hadi Gray Davis wa California mwaka 2003. Lakini siku ileile, katika uchaguzi uleule, wananchi waliulizwa pia kama wanataka mpango wenyewe uvunjwe, na wakakataa. Mama mmoja aliyekuwa karani wa chama cha msingi aliuliza, "Mwalimu, waliwafukuza watu halafu wakaibakiza benki yao?" Akajibiwa kuwa ndivyo, na kwamba kinu cha Grand Forks kilikamilishwa mwaka 1922 chini ya Nestos mwenyewe, na kwamba benki na kinu hadi leo ni mali ya jimbo. Darasa lilijadili swali hilo hadi muda ukapita. Katika mji ambao watu wazima wanakumbuka vyama vikuu vya ushirika vilivyofutwa na serikali mwaka 1976, na kurudishwa kwa sheria ya 1982, tofauti kati ya kumwondoa kiongozi na kuivunja taasisi ni jambo lenye uzito kamili, na ninaamini mtu anayekaa kwenye mkutano mkuu wa chama chochote cha wakulima anastahili kulisikia likielezwa hivi.

Kasoro zipo. Kabrasha limetolewa nakala hafifu, na ramani ya jimbo haisomeki kabisa. Hoja za wapinzani wa umoja, hasa malalamiko yao kuhusu usimamizi wa benki, zimepewa nafasi finyu, na mshiriki anaweza kutoka akidhani kwamba watu 111,000 walipiga kura dhidi ya Frazier kwa kudanganywa tu. Viti ni vizuri na chai inatosha.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kozi inakoma usiku wa matokeo ya 1921. Mwaka uliofuata wapiga kura wa jimbo lilelile walimchagua Frazier, gavana waliyemwondoa, kwenda kuwawakilisha katika Seneti ya Marekani, na Lemke naye baadaye akaingia katika Bunge la Wawakilishi. Hayo yanahitaji kipindi kizima, kwa kuwa yanabadilisha namna ya kuisoma kura ya Oktoba. Nimewaandikia waandaaji kuwaomba wakiongeze, na ada ikipanda kwa ajili yake nitailipa.