Mwongozo wa Kununua: Pa Kupata Ilhamu ya Kurasa za Mkono Zenye Picha na Herufi za Mapambo

Kila anayechora kurasa kwa mkono, akiunganisha picha, fremu na herufi za mapambo, hufikia siku ambayo kalamu iko tayari na karatasi imekwisha kupigwa mistari, lakini kichwani hakuna kitu. Hapo ndipo fedha huanza kutoka: leo kitabu, kesho kifurushi cha mapambo, keshokutwa masomo ya kulipia au seti ya fonti. Nimezipanga njia hizo kuanzia inayostahili fedha nyingi zaidi hadi inayostahili kidogo, na kipimo changu ni kimoja tu: je, ninachonunua kinanionyesha ukurasa mzima, au kinaniuzia vipande? Herufi moja nzuri hupatikana popote. Kigumu, na ndicho kinachohitaji mwalimu, ni namna herufi, picha na nafasi tupu zinavyogawana karatasi moja pasipo kunyang'anyana.

Nafasi ya kwanza naipa nakala iliyochapishwa ya mswada mmoja wa kale, yaani kitabu kilichoandikwa kwa mkono, kitabu kizima kuanzia jalada hadi jalada, wala si mkusanyiko wa kurasa teule kutoka vitabu mia. Kama fedha zinatosha kitabu kimoja tu, ningechagua Mira Calligraphiae Monumenta, ambacho asili yake imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Getty, Los Angeles. Historia yake ndiyo inayokifanya kiwe darasa la mpangilio. Georg Bocskay aliandika kurasa zake mwaka 1561 na 1562 ili kuonyesha umahiri wake katika aina nyingi za mwandiko, na miaka 30 hivi baadaye, Bocskay akiwa amekwisha kufariki, Joris Hoefnagel alipewa kurasa hizo hizo azijaze maua, matunda na wadudu. Hakuweza kusogeza herufi hata moja. Ilimbidi asome mikunjo ya mwandiko, atafute palipobaki wazi, kisha aweke tunda pale ambapo uzito wake ungeusawazisha mkia mrefu wa herufi iliyo juu. Mchoraji anayeanza na maneno kisha akatafuta pa kuweka picha hana mfano ulio karibu naye kuliko huu.

Katika ukurasa mmoja wa kitabu hicho kuna ua jekundu ambalo bua lake linaonekana kupenya kwenye mpasuo mdogo, kana kwamba mtu amelichomeka. Ukigeuza ukurasa, unakuta upande wa pili pamechorwa kipande cha bua kilichotokeza nyuma. Mpasuo haupo, ni rangi tupu, na ustadi wa mtu aliyekumbuka kwamba karatasi ina pande mbili. Jambo hili lina maana kubwa kwa mnunuzi, kwa sababu nakala inayoonyesha upande mmoja tu wa kila karatasi, au inayozichanganya kurasa kwa kufuata mada, itakuwa imeliua wazo zima. Kabla ya kulipa, hakikisha pande zote mbili zimechapishwa na mfuatano wa asili umeheshimiwa.

Jambo la pili la kuhakikisha ni ukubwa. Kitabu cha Bocskay na Hoefnagel ni kidogo, kimo chake hakifiki sentimita 17, kwa hiyo ni rahisi kukichapisha kwa vipimo vyake halisi. Kitabu cha Kells, mswada wa Injili uliotengenezwa karibu na mwaka 800 na unaohifadhiwa katika chuo cha Trinity College, Dublin, kina karatasi 340 za ngozi ya ndama zenye kimo cha sentimita 33 hivi, na nakala zake nyingi za bei nafuu zimepunguzwa mno. Ukurasa wake maarufu zaidi umemezwa karibu wote na herufi za kwanza za jina la Kristo kwa Kigiriki, na chini ya herufi hizo, kama macho yako yatafika, kuna paka wawili wakiwatazama panya wanaogombea kipande cha mkate, na kando yao fisi-maji ameshika samaki. Katika nakala iliyopunguzwa sana, wanyama hao hugeuka kuwa madoa. Chuo hicho kimekiweka kitabu kizima mtandaoni bila malipo, nami nashauri kuanzia huko: utakuza picha na kuona nywele za brashi. Hata hivyo kioo cha kompyuta kinakuonyesha kipande huku kikikuficha ukubwa, na mpangilio husomwa kwa jicho linaloona ukurasa wote kwa mara moja. Tazama bure kwanza, kisha nunua kile ambacho umekirudia mara tatu au nne.

Ukiwa na nakala mkononi, ifungue katikati na uilaze mezani. Iliyoshonwa kwa uzi hubaki wazi, ilhali iliyogundishwa kwa gundi peke yake hujifunga, na sehemu ya ndani ya mapambo humezwa na mkunjo. Pendelea karatasi isiyong'aa. Kisha tafuta mistari ya kuongozea aliyoipiga mwandishi kabla ya kuandika, na vitobo vidogo vya ncha kali kwenye pambizo vilivyomwonyesha pa kuipigia. Ukiviona, chapa ni nzuri, na zaidi ya hapo umepata mifupa ya ukurasa, ambayo ni ya thamani kuliko dhahabu yake.

Nafasi ya pili ni mwongozo wa mwandiko ulioandikwa na fundi mwenyewe, na hapa kitabu cha Edward Johnston cha mwaka 1906 kuhusu uandishi, mapambo na herufi bado hakijapitwa. Johnston, ambaye baadaye alibuni herufi za reli za chini ya ardhi za London, alijifunza kwa kuichunguza miswada ya kale na kugundua upya namna kalamu ya ncha bapa inavyozaa unene na wembamba wa herufi kwa kushikwa kwa pembe moja bila kukandamizwa. Kimo cha herufi anakipima kwa upana wa ncha yenyewe, na kutoka hapo ukurasa wote unapata uwiano. Nakala za kidijitali hupatikana bure, kwa kuwa hakimiliki yake imekwisha katika nchi nyingi, lakini toleo la karatasi lina faida moja ambayo skrini haina: hukaa kando ya mkono unapofanya mazoezi, na doa la wino halidhuru kitu.

Baada ya hao ningenunua William Blake kabla ya William Morris, ingawa najua wengi wangepanga kinyume. Blake, mshairi na mchoraji wa Kiingereza, katika kitabu cha mashairi alichokitoa mwaka 1789, Songs of Innocence, aliandika maneno na kuchora picha juu ya bamba moja la shaba, akiyaandika maneno kinyumenyume ili yatoke sawa yakichapwa, kisha nakala zikatiwa rangi kwa mkono. Matawi yake huota kutoka kwenye herufi, na penye pengo mwishoni mwa mstari hujitokeza ndege au jani. Zipo nakala kadhaa za kitabu hicho zenye rangi tofauti, na kuzilinganisha ni somo la rangi lisilohitaji maelezo. Morris, mbunifu na mchapishaji wa Kiingereza, ni mkubwa kwa namna nyingine. Katika kazi za Chaucer, mshairi wa kale wa Kiingereza, alizochapisha mwaka 1896, zenye picha 87 za Edward Burne-Jones, alizitazama kurasa mbili zinazokabiliana kama umbo moja, na akapanga pambizo ya ndani iwe nyembamba kuliko zote, ya juu iwe pana kidogo, ya nje pana zaidi, na ya chini pana kupita zote. Kanuni hiyo nimeitumia mpaka leo. Ila fremu zake zimejaa kiasi kwamba anayeanza huiga msongamano wake akaacha utulivu wake, na ndiyo maana simpendekezi kuwa wa kwanza.

Masomo ya kulipia mtandaoni yanafuata, kwa sharti kwamba mwalimu anaonyesha rasimu za penseli na kurasa alizozitupa. Anayeonyesha kazi iliyokamilika tu, ikipakwa wino kwa kasi, hakufundishi kupanga.

Chini yake naweka mikusanyo ya mapambo: fremu, kona, mizabibu, herufi za mwanzo, maelfu kwa maelfu katika kitabu kimoja kinene. Niliwahi kununua mmoja kwa hamu kubwa, na kurasa nilizochora mwaka ule zote zilikuwa na kona nzuri zisizojuana na kilichokuwa katikati. Mkusanyo una kazi yake pale unapojua tayari unachotafuta, kwa mfano namna jani linavyojikunja kwenye pembe, na ukiununua soma masharti yake ya matumizi, kwa kuwa kuruhusiwa kunakili kwa mazoezi si sawa na kuruhusiwa kuuza.

Fonti zinazoiga mwandiko wa mkono nimeziweka mwisho kabisa. Andika neno lenye herufi «a» tatu na uzitazame: katika fonti nyingi zitakuwa pacha, zenye mkia uleule na urefu uleule, wakati mwandishi wa mkono angeifupisha ya kwanza ili kuipisha picha na kuirefusha ya mwisho ili kuufunga mstari.