Kozi ya siku tano ya kupima mwili kwa wauguzi, Mtwara: mkono umeiva, sikio bado bichi

Usiku wodini, zamu ina watu wawili na vitanda thelathini. Aliye karibu na mgonjwa ni muuguzi, na atakachokiona saa nane za usiku ndicho kitakachoamua kama daktari wa zamu ataamshwa au ataachwa alale. Kozi hii ya Mtwara mjini, kwa wauguzi waliokwisha sajiliwa, imelenga hapo hapo. Ada ni shilingi 180,000 pamoja na chai na chakula cha mchana. Malazi ni juu yako, kwa hiyo anayetoka Masasi, Newala au Nachingwea aulizie gesti mapema, hasa msimu wa korosho.

Siku ya kwanza ni vipimo vya kawaida, na wengi walikuja wakidhani wanavijua. Faili za wodi nyingi zinaonyesha wagonjwa wote wanapumua mara 20 kwa dakika, ajabu kweli. Hapa unalazimishwa kuhesabu sekunde 60 kamili, huku umeshika kifundo cha mkono kana kwamba bado unahesabu mapigo, kwa sababu mgonjwa akijua anahesabiwa pumzi hubadilisha mwendo. Presha nayo ina mambo yake. Mgonjwa akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu, mkono usawa wa moyo. Pima mzunguko wa mkono kwa futi ya fundi cherehani: mkanda wa kawaida wa mtu mzima unafaa sentimita 27 hadi 34. Ukiufunga kwenye mkono wa sentimita 38, unasoma presha ya juu ambayo mama wa watu hana, na anaondoka na vidonge. Jaza upepo huku unapapasa mapigo hadi yapotee, ongeza 30, ndipo uachie taratibu, milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Anayeruka hatua ya kupapasa anaweza kuanza chini mno na kusoma namba ya juu pungufu, maana kwa baadhi ya wagonjwa sauti hupotea katikati kisha hurudi.

Uzuri wenyewe uko siku ya pili na ya tatu.

Tumbo linaanza kwa kutazama, kisha kusikiliza, kugonga, na kupapasa mwisho. Sehemu nyingine za mwili kupapasa hutangulia kusikiliza, lakini tumbo ukilibonyeza kwanza unaweza kubadilisha sauti za utumbo, na penye maumivu mgonjwa atakaza misuli usipate kitu tena. Magoti yakunjwe, viganja vipashwe moto, uanzie mbali na panapouma, na macho yako yawe usoni kwa mgonjwa. Uso ndio unaosema.

Bandama ndiyo iliyofundishwa vizuri kuliko yote. Mkono unaanzia kinena cha kulia na kupanda kimshazari kuelekea mbavu za kushoto. Mgonjwa akivuta pumzi vidole vinatulia vikisubiri ukingo ushuke. Akitoa pumzi ndipo unasogea sentimita moja au mbili. Kosa la kawaida ni kuanzia chini ya mbavu za kushoto. Bandama iliyokwisha pita kitovu inakuwa yote chini ya kiganja, huupati ukingo, na faili linaandikwa "tumbo laini, hakuna uvimbe". Ukanda wenye malaria kama huu wa kwetu, kosa hilo si dogo.

Kugonga kifua kumefundishwa kwa mfano ambao hauhitaji kitabu: simtanki. Kila mtu hapa amewahi kugonga tangi kujua maji yameishia wapi, juu linalia wazi, chini linaziba. Kifua ni vilevile. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto kinabanwa sawasawa katikati ya mbavu, vingine vinainuliwa. Ukilaza kiganja kizima unazima sauti. Unagonga kwa ncha ya kidole cha kati cha kulia, mara mbili, kutoka kifundoni, na kuondoa haraka. Linganisha kulia na kushoto kwa urefu uleule kabla ya kushuka. Maji yaliyokusanyika nje ya pafu yanatoa sauti ya kugonga paja, na mgonjwa akisema "tisini na tisa" kiganja chako hakisikii mtetemo. Nimonia iliyogandisha pafu nayo inaziba, lakini mtetemo unaongezeka. Tofauti hiyo moja ina thamani ya nusu ya ada.

Kitabu cha mazoezi kinakera kidogo. Picha zake zote ni za ngozi nyeupe, na maelezo yanakuambia utafute "midomo ya bluu". Wakufunzi walisahihisha kwa mdomo: weupe wa kukosa damu angalia utando wa ndani wa kope na viganja, upungufu wa oksijeni angalia ulimi, manjano tazama macho karibu na dirisha, si chini ya taa, na kwa kuwa weupe wa macho ya wengi wetu una umanjano wake wa asili, hakikisha kwenye kaakaa. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi kwenye ngozi nyeusi, na piko kwenye kucha inaweza kukivuruga. Tafuta kidole kisichopakwa.

Busha halimo kitabuni kabisa, ukanda wa pwani wenye matende na mabusha! Limeongezwa na mkufunzi. Pazia lifungwe, mgonjwa asimame, na vidole viwili vijaribu kukutana juu ya uvimbe. Vikikutana, uvimbe umeanzia kwenye korodani. Visipokutana, fikiria ngiri iliyoshuka. Tochi ikipenya kwa wekundu ni maji, ila busha la miaka mingi ukuta wake huwa mnene na mwanga usipite, basi tochi isikuamulie peke yake. Salfa ya mikorosho haikutajwa, na ilistahili: anayekuja na kikohozi na macho mekundu miezi ya kupuliza dawa aulizwe kwanza jana alikuwa shamba gani.

Siku ya nne, ya moyo, imeanguka. Feni zilikuwa zinanguruma ukumbini, na stetoskopu za kwenye mfuko wa kozi zina kiwambo tu (upande bapa, wa sauti kali), hazina kengele (upande wa kikombe, wa sauti nzito). Mvumo wa valvu ya mitrali iliyosinyaa, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ambao kwetu mara nyingi ni zao la homa ya rumatiki, ni wa sauti nzito ya chini. Unasikika mgonjwa akilalia ubavu wa kushoto, kengele ikiwa imeguswa tu kwenye ncha ya moyo, nafasi ya tano kati ya mbavu. Ukiikandamiza, ngozi inakazwa inakuwa kiwambo na mvumo unapotea. Haya yalielezwa kwa slaidi. Watu sita kwa kitanda kimoja, kila mmoja dakika mbili, tena wengine juu ya kanga, na kanga ikisuguana na kifaa inatoa mchakacho unaofanana na wa pafu lenye maji. Omba ruhusa, pitisha kifaa chini ya nguo, zima feni.

Siku ya mwisho ni NEWS2, jedwali la alama za vipimo la kumtambua mapema mgonjwa anayezidiwa, lililotolewa London mwaka 2017 na Chuo cha Kifalme cha Madaktari. Alama 5 daktari aitwe haraka, 7 ni dharura. Linafaa, ila mfano mmoja wa darasani ulikuwa wa mjamzito, na jedwali hilo halitumiki kwa wajawazito wala kwa walio chini ya miaka 16. Kasoro hiyo irekebishwe kabla ya awamu nyingine.

Kwa muuguzi wa wodi ya watu wazima ningesema aende. Wa wodi ya wazazi asubiri. Kata kucha, na beba stetoskopu yako mwenyewe yenye kengele.