Silikoni ya injini ya pikipiki: kwa nini nachagua ThreeBond 1215

Kwa kuunganisha nusu mbili za injini ya pikipiki ambazo kiwandani hazikuwekewa gasketi ya karatasi (kizibo chembamba kati ya vipande viwili), chaguo langu ni silikoni ya ThreeBond 1215 ya kijivu. Haichuruziki ukisimamisha kipande, inastahimili oili ya moto, na hata alumini ikiwa na mikwaruzo midogo bado inaziba. Permatex Ultra Grey nayo inafaa kazi hiyohiyo. Ultra Black ni laini zaidi, hivyo naiona bora kwa makava mepesi yanayotikisika. Silikoni yenye harufu kali ya siki iacheni kwa mafundi wa vioo: ikikauka hutoa asidi inayokula metali.

Loctite 518, ambayo ni gundi ya kuzibia isiyo silikoni, ni habari nyingine kabisa. Hukauka ikibanwa kati ya metali mahali pasipo na hewa, na ile inayotokeza ndani ya injini hubaki majimaji ikaondoka na oili. Naipenda sana kwa injini ambayo haijawahi kuchokonolewa. Tatizo ni kwamba mafundi wengi hufungua injini kwa kupenyeza bisibisi, na kovu la bisibisi huwa na kina kuliko uwezo wa Loctite wa kuziba.

Kinachoua injini ni wingi. Silikoni ikiwekwa nene, ziada hujikunja ndani, hukatika vipandevipande na kukwama kwenye chujio la pampu au kwenye tundu la kupandisha oili kwenye hedi (kichwa cha injini). Kwa nje injini ni kavu kabisa, huku kemshafti (shafti inayofungua valvu) inasagika. Uzi wa milimita 1 hadi 2 unatosha. Upitishe upande wa ndani wa matundu ya bolti na uuache mbali kidogo na tundu lolote la oili.

Kabla ya hapo kwangua mabaki yote, kisha futa kwa brekiklina (dawa ya kusafishia breki). Utando wa oili hata mwembamba huifanya silikoni ibanduke. Tyubu nyingi husema ukaze kwa vidole, usubiri saa moja, ndipo umalizie. Kwa kava lenye pengo, sawa. Nusu za injini hukutana metali kwa metali, kwa hiyo kaza moja kwa moja kwa msalaba, bolti za M6 kwa Nm 10 hadi 12 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kabla silikoni haijashika ngozi. Oili itiwe baada ya saa 24.

Palipo na gasketi ya karatasi, rudisha karatasi. Unene wake ndio unaoacha nafasi ya shafti za gia kucheza. Ukiuondoa, shafti zinabanwa na gia zinakuwa ngumu. Gasketi ya hedi usiipake chochote. Kwenye kabureta pia usiweke silikoni, maana petroli huivimbisha ikamenyuka na kuziba jeti (vitundu vya kupitisha petroli).

Nunua tyubu ndogo. Unyevu wa hewa ndio unaoikausha, na iliyokwisha kufunguliwa hugandia mdomoni hata ukiifunga vizuri.