Kaushio la jua la fundi seremala: linafaa, ila kagua wavu kwanza

Penye kuku, kuanika majani ya kunde mkekani ni kuwaandalia kuku chakula. Kaushio la jua, yaani sanduku la mbao lenye trei za wavu na paa la nailoni, linamaliza ugomvi huo, na vumbi haliingii.

Kabla ya kulipa, vuta trei uitazame. Wavu wa mabati haufai: asidi ya embe na nyanya huila zinki, madini yaliyopakwa juu ya wavu huo, ikaingia kwenye chakula. Dai wavu wa plastiki. Tundu la kuingizia hewa liwe chini, la kutolea liwe juu, na matundu yote mawili yawe na chandarua. Yakiwa madogo, mvuke hugandia kwenye nailoni, hudondokea trei, na embe huota ukungu.

Embe likatwe unene wa milimita 5 hadi 8. Limekauka vya kutosha ikiwa ukikunja kipande hakikatiki wala hakitoi maji. Majani yachovye kwenye maji yanayochemka dakika 2, kisha yakaushe chini ya kitambaa cheusi, maana jua kali huyapausha na kupunguza vitamini A.

Kasoro kubwa ni miguu mifupi: kuku hurukia paa na kucha hutoboa nailoni. Agiza miguu ya mita 1 na paa lenye mteremko mkali. Chenga za majani zibaki za kuku.