Udi wa Kitibeti: nimelinganisha aina tatu, ya bei ghali ndo imenichosha

Kama umezoea vile vijiti vya Kihindi vya bei chee, huu wa Kitibeti usiuwashe ukitegemea harufu ya waridi au vanila maana hutaipata. Mimi niko Sakina hapa Arusha, kwangu chetezo kinawaka kila Ijumaa jioni iwe na mgeni iwe hakuna, kwahiyo pua yangu sio ya jana. Kuna duka moja mjini linaleta vitu vya Nepal, nikabeba boksi tatu: juniper, jatamansi na moja imeandikwa Agar 31.

Cha kwanza, hauna kijiti cha mwanzi ndani. Ni unga wa miti, majani na mizizi umekandwa, ukaminywa ukakaushwa basi, unaungua wote mpaka mwisho. Shida yake unavunjika kirahisi mno, ile boksi ya jatamansi nimefungua nyumbani nakuta karibu nusu ni vipande, nikarudi dukani dada ananiambia "si unawaka tu?" Haya. Kwenye kibao chenye tundu dogo pia hausimami vizuri, mimi nachomeka kwenye bakuli la mchanga, na vile vipande navilaza juu ya majivu.

Sasa harufu. Juniper ni ndugu kabisa wa mtarakwa wetu huu wa misitu ya Meru na Kilimanjaro, na ukiwasha tu unajua. Kama umewahi kupita kwa fundi anaranda mbao za mtarakwa, au umechonga ile penseli ya mbao nzuri ukainusa, ndo hiyo hiyo, ila imeongezewa moshi kidogo na ukali fulani wa majani makavu. Watibeti wenyewe wanachoma matawi yake kwenye ibada tangu enzi. Haina utamu hata kidogo, na nguo ukizifukiza inakaa mpaka kesho yake. Hii nimeipenda aisee, asubuhi baada ya kudeki inafaa sana.

Jatamansi ndo kasheshe. Ni mizizi ya mmea wa milima ya Himalaya, ndo ile nardo ya kwenye Biblia, Mariamu wa Bethania alimpaka nayo Yesu miguuni, Yuda akalalamika kwa nini isingeuzwa, Yohana 12. Nikamwita jirani yangu mlokole aje anuse maana nilijua atafurahi, mama wa watu akavuta pumzi akanyamaza, halafu akasema kwa harufu hii Yuda naye alikuwa na hoja. Nilicheka mpaka machozi. Ni harufu nzito, udongo mbichi na mizizi, na mwanangu anasema soksi na simpingi. Lakini usiku ukikaa nayo dakika kumi hivi inatulia, inakuwa kama chumba cha mganga wa miti shamba, mimi sijaichukia, ila wageni wakija siiwashi.

Agar 31 ni jina la dawa ya Kitibeti ya viungo 31, na agar ndo udi wenyewe, ule mti. Nililipa 15,000 wakati zile nyingine 8,000, nikategemea makubwa. Kinachotoka kwanza ni karafuu na kitu kama iliki, nzuri, tamu ya jikoni, ila udi wenyewe unautafuta. Mtu aliyekulia kwenye udi wa kuchoma kwenye makaa huwezi kumdanganya hapo.

Boksi zinaandika inaondoa stresi sijui inasafisha hewa, jamani moshi ni moshi. Julai hii na baridi ya Arusha madirisha yamefungwa, mama yangu ana pumu, nawasha nusu kijiti na mlango nauacha wazi, akija kulala kwangu siwashi kabisa.

Na usishtuke ukikuta imeandikwa "Made in Nepal", sio feki, Watibeti wengi walikimbilia Nepal na India kuanzia 1959 na kazi zao wakaenda nazo. Cha kushtukia ni ukikuta mwanzi katikati na rangi ya zambarau inang'aa, huo ni udi wa kawaida umebadilishiwa boksi.

Nikirudi nachukua juniper mbili, na nafungua boksi palepale kaunta kabla sijatoa hela.