Fantastic Four ya 2015: iangalie nusu, kisha izime

Kwanza hakikisha umepewa hiyo ninayoisema, filamu ya vijana wanne wanaopata nguvu za ajabu. Kwenye vibanda vya Birere, hapa Goma, wanakojaza filamu kwenye flashi, jina hilo moja limebeba filamu kadhaa, na anayekukopia hana muda wa kuzitenganisha. Ukimwona Jessica Alba na Chris Evans, hiyo ni ya 2005 au mwendelezo wake wa 2007. Ukimwona Pedro Pascal, umepewa ya 2025. Ya 2015, kazi ya mwongozaji Josh Trank, utaitambua kwa Michael B. Jordan anayecheza Johnny, yule kijana wa moto, na kwa Ben, mtu wa mawe, ambaye safari hii hawakumvalisha hata kaptula. Urefu wake ni dakika 100 hivi. Faili ikionyesha pungufu sana ya hapo, imekatwa.

Halafu kuna giza. Sehemu kubwa ya filamu iko ndani ya maabara za kijivu, na iliyobaki iko kwenye sayari ya mawe meusi. Kopi ya megabaiti 400 itakuonyesha madoa yanayotembea, basi. Chukua walau ya jigabaiti moja na nusu, na uiangalie usiku. Kwenye projekta iliyochoka ya sale (ukumbi) ya video usijisumbue kabisa.

Sasa filamu yenyewe. Nusu ya kwanza inakwenda polepole, lakini ina kitu. Reed na Ben, marafiki tangu utotoni, wanatengeneza mashine ya kuhamisha vitu. Reed anachukuliwa na Dakta Franklin Storm kwenda kuijenga kubwa. Vijana wakisikia kwamba safari ya kwanza ya kwenda ile sayari watapewa watu wengine, wanalewa kidogo na kwenda wenyewe usiku: Reed, Johnny, Victor mwenzao wa maabara, na Ben aliyeitwa kwa simu. Sue, binti wa Dakta Storm, haendi, anaipata nguvu yake mashine inaporudi na kulipuka. Yaani mmoja wa wale wanne hakuwemo hata kwenye safari iliyowaunganisha. Shikilia hilo, maana ugonjwa wa filamu nzima unaanzia hapo.

Dakika chache zinazofuata ajali ndizo nzuri kuliko zote. Reed anaamka amefungwa, mikono na miguu imevutika hadi mbali na kiwiliwili chake, na anajiangalia kama mtu anayetazama maiti yake. Upande mwingine rundo la mawe linaita kwa sauti ya Ben, linaomba msaada. Reed anatorokea kwenye njia ya hewa na kumwacha. Hapo nguvu zao zinaonekana kama maradhi, na ukiwa umeizoea ile ya 2005 yenye utani mwingi, unashtuka vizuri.

Kisha maandishi yanatokea: mwaka mmoja baadaye. Mshono uko hapo hapo. Katika hadithi ya kikosi, utamu wote uko katika kujifunza: huyu anaunguza pazia, yule anavunja mlango, wanagombana, wanapatana. Hapa yote yamerukwa. Tunakuta Ben tayari anatumiwa na jeshi, nasi tunaonyeshwa kazi yake kwenye skrini za ofisi. Trela ilikuwa na picha za Ben akidondoshwa kutoka kwenye ndege. Ndani ya filamu hazimo. Reed na Ben, ambao wana deni zito la usaliti kati yao, wanalimaliza kwa maneno machache.

Victor naye anapotea muda mrefu, anarudi akiwa Doom, adui wa wale wanne, anapita kwenye korido akipasua watu vichwa (sehemu hiyo inatisha kweli), kisha anataka kuimeza dunia kwa sababu ambayo hakuna aliyeijenga mapema. Wanne wanamfuata kwenye ile sayari, wanapigwa mmoja mmoja, Reed anatoa hotuba fupi kwamba washirikiane, Ben anarusha ngumi, kwisha. Ndiyo mara ya kwanza wanapigana kama kikosi, na filamu inaishia hapo.

Ukitaka kuona ilikoshonwa upya, tazama nywele za Sue. Kate Mara alikuwa amekata nywele zake waliporudi kupiga picha za nyongeza, kwa hiyo wakamvika wigi, na wigi hilo halifichiki: rangi inabadilika kati ya tukio na tukio. Usiku wa kuamkia kutolewa kwa filamu Marekani, Agosti 2015, Trank aliandika Twitter kwamba alikuwa na toleo zuri ambalo huenda hatutaliona, kisha akafuta. Mimi simpi haki yote. Ule mwendo wa konokono maabarani unaanza mapema mno kuwa kosa la wigi.

Wapo waliolalamika kwamba Johnny ni mweusi na dada yake mweupe. Sue ni mtoto wa kulelewa, basi; huku kwetu hiyo si habari. Reg E. Cathey, anayemcheza baba yao Dakta Storm, ndiye anayecheza vizuri kuliko wengi humo, na kwenye toleo la Kifaransa unaikosa ile sauti yake nzito. Ukielewa Kiingereza kidogo, chagua hicho. Ukiipata yenye mtafsiri wa Kiswahili anayechekesha juu yake, chukua hiyo bila kufikiri: ile nusu saa ya maabara inahitaji mtu wa kuisema vibaya.

Ilitengenezwa kwa dola milioni 120 au zaidi, ikaingiza karibu 168 dunia nzima, na sinema zinachukua fungu lao humo. Mwendelezo uliopangwa 2017 ukafutwa. Watoto wadogo usiwawekee, kwa sababu ya vile vichwa. Wajazie ya 2005.