Nimefika kwenye kivuko cha Slam Dunk, mara mbili

Niseme ukweli tu: mara ya kwanza nilitupa hela. Nilijiunga na ziara ya basi ya siku moja kutoka Tokyo, iliyotangazwa kuwa ya wapenzi wa anime, yaani katuni za Kijapani. Kampuni siitaji. Pale kwenye kivuko cha reli anaposimama Sakuragi akimtazama Haruko, msichana anayempenda, mwanzoni mwa Slam Dunk, ile anime ya mpira wa kikapu, tulipewa dakika ishirini, tena saa sita mchana, watu wamebanana kama mnadani. Kiongozi wetu macho yake yalikuwa kwenye saa tu. Treni ilipopita niliona migongo ya watu na simu zilizoinuliwa juu, basi.

Wiki iliyofuata nikarudi peke yangu, na hii ndiyo safari ninayoisifia.

Nilitoka Shinjuku alfajiri kwa treni ya Odakyu hadi Fujisawa, kama saa nzima hivi, nikahamia Enoden, treni ndogo ya pwani. Hapo nikanunua tiketi ya siku nzima, wanaiita Noriorikun, yeni 800, unapanda na kushuka utakavyo. Ukipanda mara nne imeshajilipa. Na hiyo treni yenyewe, jamani! Njia yake ni kama kilomita 10 tu, ilianza 1902, na reli ni moja, kwa hiyo treni zinapishana vituoni. Inapita vichochoroni, karibu na nyumba kiasi kwamba unahisi ukitoa mkono dirishani unaweza kumwanulia mtu nguo zake. Ikitoka kituo cha Enoshima inaingia barabarani kabisa, inatembea na magari. Halafu nyumba zinakwisha ghafla, na bahari hiyo hapo.

Unashuka kituo cha Kamakurakokomae. Kivuko kiko hatua chache tu kutoka kituoni. Nilifika kabla ya saa mbili asubuhi, tukawa watu sita. Kengele ikaanza, kan-kan-kan, vizuizi vya njano na nyeusi vikashuka, treni ya kijani na krimu ikapita mbele yetu, na ilipoisha bahari ikarudi palepale ilipokuwa. Slam Dunk niliimaliza kwenye flashi ya binamu yangu, vipindi vyote 101, maandishi ya tafsiri yakichelewa nyuma ya sauti. Nikajikuta nacheka peke yangu kama kichaa.

Kisha nikaaibika. Nilikuwa narudi kinyumenyume ili bahari iingie vizuri kwenye picha, kumbe nimeshaingia barabarani. Mlinzi akaninyooshea kirungu chake cha taa nyekundu. Nageuka, kuna bibi wa watu ameshikilia baiskeli, ananisubiri nimalize, wala hajasema neno. Nikainama, sumimasen, sumimasen, yaani samahani. Mabango ya onyo yako pale kwa lugha kadhaa, mimi nilikuwa nimeyapita tu. Ule ni mtaa wa watu. Juu ya kilima kuna sekondari, na asubuhi ile wanafunzi walikuwa wanajipenyeza katikati yetu na mabegi yao.

Kasoro? Ukitegemea sanamu ya Sakuragi au duka la jezi, utanuna. Mimi sikuona hata picha yake. Ni barabara ya mteremko, reli na maji. Anayetaka cha ziada aendelee na tiketi ileile hadi kituo cha Hase kwa Buddha Mkubwa, sanamu ya shaba nyeusi, zaidi ya mita 11. Nilimtazama robo saa, nikarudi kivukoni.

Kufikia saa nne palikuwa pameshajaa, basi la ziara limeegeshwa, na mtu anawahesabia wenzake dakika.

Nyota tano kwa tiketi ya Enoden. Kwa ile ziara ya basi, nyota moja tu, ya kiyoyozi.

Video nilimtumia binamu. Akaitazama, akaniandikia: "Sasa Haruko yuko wapi?"